Napiga piano bila kosa, mbona haigusi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa piano, nimefika hatua ya kupiga baadhi ya Etudi za Chopin, vile vipande vya kuzoeza vidole, kwa mwendo ulioandikwa, nota zote safi. Kila nikiingia mashindanoni majaji huandika yaleyale: vidole vizuri, hisia hakuna. Mwenzangu mmoja hukosea waziwazi, lakini watu hutoka ukumbini wakifuta machozi. Je, nipunguze mazoezi ya ufundi nitafute hisia? Na hisia hizo hufundishika, au mtu huzaliwa nazo?"

Marahaba. Nianze na la kupunguza mazoezi, maana jibu lake ni fupi: usipunguze. Majaji wako wameona tatizo la kweli, ila wamelipa jina lisilokusaidia. Mtu akiambiwa hana hisia, huenda kuzitafuta usoni na mabegani. Atafumba macho, atayumba kitini, atauacha mkono ukielea hewani baada ya nota ya mwisho. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofika kwenye waya. Kwa ninavyosoma maelezo yako, kilichopungua ni ufundi wa aina nyingine, usiopimwa kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, na kwa maoni yangu huo ndio mgumu kuliko ulionao.

Tuingie kwanza ndani ya piano yenyewe. Ukibonyeza kibonye, vipande vya mbao huirusha nyundo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa. Kabla nyundo haijagusa waya, mtambo huiachia, na hatua ya mwisho huimaliza yenyewe. Isingeachiwa ingeng'ang'ania kwenye waya na kuuzima. Bartolomeo Cristofori, aliyetengeneza piano za kwanza mjini Florence karibu na mwaka 1700, ndiye aliyepata ufumbuzi huo, na msingi wake tunao hadi leo. Kwa hiyo nyundo ikishaachiwa, hakuna mtikisiko wa kidole, huzuni wala upole utakaoifuata njiani. Waya haujui kama umeupiga huku unalia au huku unawaza nguo ulizoanika. Mwaka 1925 mtafiti Otto Ortmann alichapisha uchunguzi wake wa jambo hili. Hitimisho lake ni kwamba ukichukua nota moja peke yake, kinachoamua sauti yake ni kasi ya nyundo. Ongeza kelele ndogo ya kidole kugonga kibonye na kibonye kugonga chini, na orodha karibu imekwisha.

Wapo wanaokasirika wakiambiwa hivyo, wakiona kwamba tumeidunisha sanaa yao. Mimi naona ni habari njema kwako. Kama nota moja haina siri nyingi, basi kinachomgusa msikilizaji kimo katika uhusiano wa nota na nota: ipi kubwa kuliko nyingine, ipi imetangulia, ipi imekaa hadi lini kabla ya kuachiwa, pedali (kanyagio la mguu) imekusanya zipi na kuzifuta zipi. Yote hayo yanasikika, na kinachosikika kinaweza kufanyiwa mazoezi.

Chukua akodi moja, yaani nota nne zinazopigwa kwa pamoja, kwa mkono wa kulia. Bila shaka wewe unazipiga zote nne kwa uzito mmoja, kwa sababu skeli (ngazi za nota) na mazoezi ya vidole vimekulea hivyo: vidole vilingane. Lakini hapo una kwaya nzima ndani ya mkono mmoja, na hakuna mwalimu wa kwaya anayeruhusu alto na tenori wapige kelele sawa na soprano anayebeba wimbo. Kidole cha tano, kilicho dhaifu kuliko vyote, mara nyingi ndicho kinachotakiwa kuimba juu ya vingine, huku gumba lenye nguvu likinyamazishwa. Na ukirudia kifungu hichohicho, pengine sauti ya kati ndiyo itakayopaswa kujitokeza. Waliopima upigaji wa mafundi waliona kwamba nota inayobeba wimbo huwahi kusikika kabla ya wenzake kwa takriban milisekunde 30, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kwamba nyundo iliyorushwa kwa kasi zaidi hufika mapema. Hakuna anayekaa kuzihesabu. Sikio likishajua linachotaka, mkono hupata njia.

Kuna jambo jingine gumu zaidi, nalo piano haina pumzi. Mwimbaji anaweza kuikuza nota akiwa ameishikilia, na mpiga fidla vilevile. Nota ya piano huanza kufa pale inapozaliwa. Kwa hiyo ile legato tunayoisifu, ule wimbo unaotiririka, ni kiini macho. Ili msikilizaji asisikie mshono, nota inayofuata nota ndefu inatakiwa kuanza karibu na kiwango ambacho ile ya kwanza imekwisha kushukia, wala si pale ilipoanzia. Ukiipiga kwa nguvu ileile ya mwanzo, kila nota inasikika kama imeanza upya, na wimbo unakuwa msururu wa matukio. Nikidhani tu, bila ya kukusikia, ningesema hapa ndipo majaji wako wanapokosa kitu wasichoweza kukitaja. Upigaji ulio sawasawa kabisa huwa baridi kwa sababu hii ya kifizikia, hata kama moyo wa mpigaji unawaka.

Kwa kazi hii ninakupendekezea Preludi ya Chopin katika E ndogo, Opasi 28 namba 4 (Opasi ni namba ya kazi ya mtunzi). Kwa vidole vyako ni jambo la dakika kumi kuisoma. Ina vipimo 25 tu, yaani visehemu vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari, na mwendo wake ni wa taratibu. Mkono wa kulia unaanza kwa B ndefu, C fupi, B tena, C tena, kana kwamba wimbo umekataa kuondoka. Mkono wa kushoto unarudia akodi zilezile, na chini ya wimbo huo uliosimama, sauti za ndani ya akodi zinateremka nusu toni kwa nusu toni, mara nyingi moja tu kwa wakati mmoja. Ukizipiga akodi hizo kwa uzito ulio sawa, utasikia mkono wa kushoto unaogonga na mkono wa kulia usio na la kusema. Sasa ipige mara ya pili, safari hii ukiisaka sauti iliyobadilika katika kila akodi. Sihitaji uipige kwa nguvu. Nataka tu uijue ni ipi na ni kidole gani kinachoishika. Utaona C ileile ya juu inabadilika rangi kila chini yake panapoteremka, na mkono wako wa kulia utaanza kuipa uzito tofauti bila ya kuambiwa. Karibu na kipimo cha 16 Chopin anataka mwendo ubanwe na sauti ipande. Kisha kila kitu kinaporomoka hadi alama ya kusimama, na baada yake zinakuja akodi tatu za chinichini. Kimya kile kabla ya akodi tatu nacho kina urefu wake, na urefu huo unategemea ulivyofika hapo. Ukifika kwa haraka, kimya kirefu kitakuwa maigizo.

Kipande hichi kilipigwa kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe mjini Paris mwaka 1849, kwa ogani ya kanisani. Ogani haijali umebonyeza kwa nguvu gani. Mguso wa kidole hauna kauli juu ya ukubwa wa sauti. Aliyeipiga siku ile alibakiwa na muda na ule mteremko wa akodi. Nalitaja kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita hisia imo tayari kwenye karatasi, na kazi ya mpigaji mara nyingi ni kuisikia kabla ya kuitangaza.

Sasa historia kidogo, maana ugomvi huu wa vidole na moyo ni wa zamani. Tarehe 24 Desemba 1781, mjini Vienna, Mfalme Joseph II aliwapambanisha kwa piano Mozart na mtunzi mwenzake Muzio Clementi. Wiki chache baadaye Mozart alimwandikia baba yake kwamba Clementi ni fundi wa vifungu vya nota mbili-mbili zinazopigwa pamoja zikiwa zimeachana kwa umbali wa tatu, lakini ladha na hisia hana hata za senti moja, ni mtu wa mitambo tu. Majaji wako wangeweza kuinakili barua ile. Ila Clementi kwa upande wake aliusifu upigaji wa Mozart, na sonata aliyoipiga usiku ule ina mwanzo unaofanana mno na kifungu cha utangulizi wa opera ya Mozart ya mwaka 1791, Die Zauberflöte. Clementi alihakikisha toleo la baadaye la sonata hiyo linasema wazi kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Kwa hiyo hukumu ya "hana hisia" hata ikitoka kwa Mozart ichukue kwa tahadhari.

Upande wa pili wapo wanaodhani Chopin ni mtu wa moyo na Liszt, mtunzi na mpiga piano wa zama zake, ni mtu wa vidole. Chopin aliitunuku Opasi 10, Etudi zake za kwanza zilizochapishwa mwaka 1833, kwa Liszt. Mwaka huohuo, katika barua aliyoiandika huku Liszt anazipiga Etudi hizo palepale, Chopin alikiri kwamba angependa kumwibia namna yake ya kuzipiga. Naye Liszt alizichapisha Etudi zake kubwa kwa mara ya mwisho mwaka 1852, baada ya kuacha maisha ya ziara za maonyesho, na katika toleo hilo alipunguza ugumu wa toleo la miaka ya 1830. Aliondoa minyoosho ya mkono iliyozidi na kupunguza msongamano. Mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuogopa nota yoyote aliona nyingine zinaziba muziki. Nalipenda jambo hilo kuliko hadithi zote za wanawake waliozimia kwenye maonyesho yake.

Lakini usinielewe vibaya nikaonekana naidharau kasi. Uko muziki ambao hisia yake ni kasi yenyewe. "Scarbo" ya Ravel, kipande cha mwaka 1908 kuhusu kishetani cha usiku, iliandikwa kwa makusudi iwe ngumu kuliko "Islamey" ya Balakirev, iliyokuwa ikihesabiwa miongoni mwa vipande vigumu kuliko vyote. Kishetani kile kinatisha kwa sababu kinatokea na kutoweka kabla sikio halijakikamata. Mpigaji asiye na vidole akisema anaipiga kwa hisia, akaipunguza mwendo ili aimudu, hofu yote inayeyuka. Pale ufundi ukipungua na hisia inapungua, hakuna cha kujadili.

Nije kwa mwenzako anayekosea na kuwaliza watu. Makosa yake hayawalizi. Yanasamehewa, na hilo ni jambo jingine. Mpiga piano Alfred Cortot aliacha rekodi zenye nota za uongo ambazo mwanafunzi wa mwaka wa pili angezinyooshea kidole, na bado wapigaji wazito wanazirudia. Artur Schnabel, aliyekuwa wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, kati ya 1932 na 1935, alijikwaa katika Opasi 106, na sababu mojawapo ni kwamba aliukimbiza ule mwendo mkali alioandika Beethoven. Vladimir Horowitz alirudi jukwaani Carnegie Hall mwezi Mei 1965 baada ya miaka 12 ya kimya, na nota zake za kwanza kabisa zilikuwa na makosa. Katika hawa wote msikilizaji anajua sentensi ya muziki inakwenda wapi, hivyo kosa moja halimpotezi njia. Sikiliza rekodi ya mwenzako, na ufumbe macho. Angalia anafanya nini mwishoni mwa vifungu, anachelewa wapi, sauti gani anaiacha nyuma. Huko ndiko kuna cha kujifunza.

Nimesema ufumbe macho kwa sababu. Mwaka 2013 Chia-Jung Tsay alichapisha utafiti ambapo watu walionyeshwa vipande vifupi vya washindani wa fainali za mashindano ya kimataifa ya muziki, wakatakiwa kubashiri mshindi. Walioona video bila sauti walibashiri vizuri kuliko waliosikia sauti peke yake, na kuliko hata walioona na kusikia. Wanamuziki wa kulipwa nao walianguka kwenye mtego huo. Kwa hiyo inawezekana, nasema inawezekana tu, kwamba sehemu ya machozi yale inatoka kwenye uso na mikono ya mwenzako, na sehemu ya ubaridi wako ni kwamba unakaa kitini umekakamaa. Sikushauri uanze kuigiza. Nakushauri usikilize rekodi zenu nyumbani, bila ya kuona sura ya mtu, kabla ya kuamua nani ana moyo na nani hana.

Na majaji wenyewe hawakubaliani. Maurizio Pollini alishinda mashindano ya Chopin mjini Warsaw mwaka 1960. Rekodi yake ya Etudi ya mwaka 1972 wako wanaoiita barafu na wako wasiotaka kusikia nyingine. Mimi nimo kwenye kundi la pili, kwa siku nyingi. Katika mashindano hayohayo mwaka 1980, Ivo Pogorelich aliondolewa kabla ya fainali, na Martha Argerich, mshindi wa 1965, akajiuzulu ujaji kwa hasira.

Je, mpigaji ni lazima ahisi anachopiga? Carl Philipp Emanuel Bach aliandika mwaka 1753 kwamba mwanamuziki hawezi kuwagusa wengine asipoguswa mwenyewe. Mwandishi wa Kifaransa Denis Diderot, akizungumzia waigizaji, aliona kinyume: aliye bora ni yule aliyetulia, anayeziongoza ishara za huzuni bila ya kuzama ndani yake. Nadhani wote wawili wako sahihi kwa nyakati tofauti za siku. Katika mazoezi jiruhusu kuguswa, hata kuzidisha, kwa kuwa ndipo unapogundua mahali panapouma. Jukwaani sikio linatakiwa kubaki baridi kiasi cha kutambua kwamba ukumbi huu unavuma na pedali inatakiwa kuinuliwa mapema.

Ukitaka kujua ufundi na hisia zinagombana wapi kwa kweli, ni kwenye mpangilio wa mazoezi. Wengi hujifunza nota kwanza, kisha kasi, kisha wiki ya mwisho "wanaweka hisia". Wiki ya mwisho misuli imekwisha kukariri. Kumbuka kinachokaririwa ni kila kitu: umbali wa vidole, na pia ule uzito sawa, ule muda sawa, ule mguu wa pedali unaokanyaga kwa mazoea. Hisia zinazokuja baadaye zinakuta nyumba imeshajengwa, hazina pa kuingia isipokuwa usoni. Anza siku ya kwanza, kwa mwendo wa polepole sana, na wimbo ukiwa tayari una kilele chake na mahali pa kupumulia. Uimbe kwa mdomo kabla ya kuupiga, sauti yako ikiwa mbaya haidhuru. Chopin aliwahimiza wanafunzi wake wakawasikilize waimbaji, na katika maelezo aliyoyaacha bila kuyakamilisha aliandika kwamba kila kidole kimeumbwa tofauti, hivyo ni bora kuukuza mguso wa kila kimoja kuliko kuuharibu kwa kulazimisha vifanane. Zile saa zako za skeli ziendelee, ila ubadilishe unachokitaka kutoka kwazo. Piga skeli moja huku mkono wa kulia ukikua na wa kushoto ukififia, kisha ugeuze. Utashangaa jinsi ilivyo ngumu kwa mtu mwenye vidole kama vyako.

Kuhusu kuzaliwa nazo. Mtafiti Bruno Repp alipima muda wa kila nota katika rekodi 28 za "Träumerei" ya Schumann, zilizopigwa na mafundi mashuhuri, na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Karibu wote walipunguza mwendo mahali palepale, mwishoni mwa vifungu vikubwa. Utofauti wao ulionekana zaidi katika mambo madogo, ndani ya kifungu. Nasoma hivi: ile sehemu ya pamoja ni sarufi, na sarufi hufundishika kwa yeyote mwenye subira. Zile tofauti ndogo za ndani ndiyo nafsi ya mtu, na sina dawa yake, lakini mpaka sarufi iwe tayari huwezi hata kujua yako ikoje.

Kwa mashindano yajayo usibadili kitabu. Humohumo kwenye Etudi za Chopin zimo za taratibu, nazo ni Etudi kama zile nyingine: Opasi 10 namba 3, namba 6, na Opasi 25 namba 7. Chukua hiyo ya mwisho. Mkono wa kushoto unabeba wimbo mkuu, wa kulia unaujibu kwa wimbo wake, na katikati kuna akodi zinazorudiwa ambazo hazitakiwi kumsumbua yeyote. Mwezi wa kwanza piga mkono wa kushoto peke yake, na akodi zile zisiguswe hadi mstari ule wa chini uweze kusimama bila msaada.